Kusoma, Kutegemeza, Kufomati: Istilahi za Vyombo vya Muziki na Hatari Zake

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi tunayemfahamu alikusanya, kwa muda wa muhula mzima, hadithi na vitendawili kutoka kwa mabibi na mababu wa wanafunzi wake. Hakuwa na kinasa sauti. Wazee walisimulia kwenye simu za wajukuu wao, na wajukuu wakamtumia mwalimu ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Naye akazihamisha sauti zile zote kwenye memori kadi moja, akazifuta katika simu yake ili apate nafasi, akaenda Kariakoo kununua redio ndogo ya mkononi ili darasa zima lipate kusikiliza. Redio ikawashwa, kadi ikachomekwa, na kioo kikaandika: "Umbizo halitegemezwi." Mwalimu akamgeukia muuzaji, kijana wa makamo ya wanafunzi wake wa zamani. "Haisomi hizo, mwalimu," kijana akamjibu kwa adabu. "Mpelekee fundi pale akubadilishie fomati." Fundi alikuwa hatua chache kutoka pale, upande wa Mtaa wa Aggrey. Aliipokea kadi, akaambiwa habari ya fomati, na akafanya kile ambacho neno lile humaanisha katika kazi yake ya kila siku: akaifomati kadi. Ilirudi safi, haina kitu.

Hatulileti tukio hili ili tumlaumu fundi, wala muuzaji, wala mwalimu. Wote walisema Kiswahili, na kila mmoja alitumia neno lililo sahihi mahali anapofanyia kazi. Kasoro imo katika istilahi zenyewe, na kwa kuwa baadhi yake zimepita mikononi mwetu sisi tunaojishughulisha na tafsiri, yafaa tuzitazame bila ya kuoneana haya.

Kwanza tukielewe kitu chenyewe, maana aghalabu istilahi mbaya huzaliwa na mfasiri aliyefasiri neno kabla hajakiona kitu. Sauti inapohifadhiwa kwa tarakimu huwa kubwa mno: dakika moja ya muziki katika ubora wa sidii huchukua takriban megabaiti 10. Kwa hiyo hubanwa. Ikibanwa kwa njia ya kawaida ya MP3, dakika hiyohiyo yaweza kuenea katika megabaiti 1 hivi. Lakini kila njia ya kubana ina kanuni zake, na chombo kitakachoifungua sauti ile sharti kizijue kanuni zilezile, ama sivyo hakitapata kitu ila mfululizo wa tarakimu zisizo na maana. Juu ya hayo, sauti iliyobanwa hutiwa ndani ya mfuko wenye anwani zake, na mfuko nao una jina. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa mfano, umebanwa kwa kanuni ziitwazo Opus, ukatiwa katika mfuko uitwao Ogg. Tunavyo hapa vitu viwili, mbali na mkia wa jina la faili ambao ni kitu cha tatu. Navyo vyote vitatu huitwa "umbizo" katika tafsiri zinazozagaa. Wapo wanaodhani kwamba ukibadili mkia wa jina umebadili na sauti. Ni sawa na kudhani kwamba ukiandika "mchele" juu ya gunia la maharage utakula wali.

Kanuni za MP3 zilisanifiwa mwaka 1993, na mkia wa jina wenyewe ulichaguliwa mwaka 1995 na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani. Zilikuwa na hataza, yaani kila aliyetengeneza chombo cha kuzifungua aliwajibika kwa wenye hataza. Mwaka 1998 Fraunhofer walipoanza kuzidai ada zao kwa ukali zaidi, mtaalamu wa Kimarekani Chris Montgomery na wenzake wakashika kazi ya kutunga kanuni nyingine ambazo yeyote angeweza kuzitumia bila ya kuomba ruhusa. Ndipo tukapata Vorbis, iliyotolewa katika toleo lake la kwanza kamili mwaka 2002 ndani ya mfuko wa Ogg. FLAC, ambayo hubana bila ya kupoteza chochote, ilikwisha kutoka mwaka 2001, na Opus ikasanifiwa mwaka 2012. Nazo hataza za MP3 zilikwisha muda, na mpango wa leseni zake ukafungwa rasmi tarehe 23 Aprili 2017. Hivyo mtu angeweza kudhani kwamba mjadala umekwisha. Haujakwisha, kwa sababu vyombo vilivyojaa madukani vilibuniwa kwa ajili ya MP3 peke yake, ilhali sauti ambazo watu wetu wanazirekodi kila siku ziko katika Opus.

Hapa pana jambo ambalo wafasiri wengi hawalijui, nalo ndilo linaloamua kama neno "kuongeza" lina maana yoyote. Mwishoni mwa mwaka 2001 waandishi wa programu wa Kiswidi walianza kuandika programu endeshi mpya, iitwayo Rockbox, kwa ajili ya vyombo vya muziki vya Archos. Waliweza kuibadili karibu kila kitu: menyu, herufi, hata sauti ya kuwasomea vipofu majina ya nyimbo. Jambo moja hawakuliweza. Kazi ya kuifungua MP3 katika vyombo vile ilifanywa na kipande maalumu cha elektroniki kilichojua MP3 tu, na hapana programu ambayo ingekifundisha Vorbis. Ni pale walipohamia kwenye vyombo vya iRiver vya Korea Kusini, ambavyo hufungua sauti kwa nguvu ya programu, ndipo Vorbis na FLAC zikawezekana. Hata hapo ilihitajika namna ya kuifungua Vorbis kwa hesabu za namba kamili, kwa kuwa vichakato vya vyombo vidogo havikuwa na uwezo wa kukokotoa desimali kwa haraka. Namna hiyo, iitwayo Tremor, ilitolewa huru mwaka 2002. Baadhi ya viwanda vikafuata. SanDisk, kwa mfano, waliiongeza Vorbis katika chombo chao cha Sansa Clip mwaka 2008, baada ya chombo kuwa tayari mikononi mwa wanunuzi. Apple hawakuiongeza kamwe katika iPod, hadi walipoacha kuitengeneza mwaka 2022.

Basi mnunuzi wa Kariakoo anayeambiwa kwamba redio yake "haisomi" anastahili kujua ni lipi kati ya mawili: je, redio hii haijafundishwa, au haifundishiki? Istilahi tulizo nazo hazimwambii.

Turudi kwenye maneno. "Kusoma" ni neno la watu, na sisi hatuna ugomvi nalo. Redio husoma flashi, simu husoma laini, mashine ya benki husoma kadi. Ni neno zuri, limejengwa juu ya tendo tunalolijua, na lina fadhila moja ambayo neno la kitaalamu hushindwa kuifikia: asiyesoma si mgonjwa. Lugha yetu iliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa hati za Kilatini, na wako wazee wa mwambao waliosoma zile bila ya kuzijua hizi. Hapana aliyesema kwamba macho yao yalikuwa mabovu. Upungufu wa "kusoma" ni kwamba linabeba mambo mawili mazito kwa pamoja. Redio isiyoitambua kadi kabisa, pengine kwa sababu mguu wa chuma umeingia kutu, "haisomi". Na redio inayoitambua kadi, ikaonyesha majina ya faili, lakini isijue kanuni zilizotumika kubana, nayo "haisomi". La kwanza dawa yake ni fundi. La pili fundi hana dawa nalo.

"Kutegemeza" ni habari nyingine. Neno hili, pamoja na ndugu yake "kuauni", limeingia katika tafsiri za programu kwa sababu Kiingereza kina nomino moja ambayo hutumika kwa nguzo ya nyumba, kwa msaada wa fedha, kwa ushabiki wa timu ya mpira na kwa uwezo wa mashine. Mfasiri akafungua kamusi, akachukua maana ya nguzo. Kwa Kiswahili kitu kinachotegemezwa ni kile ambacho kingeanguka kama kisingeshikiliwa; na kitu tegemezi, wasomaji wanajua wenyewe, ni sifa ambayo hakuna nchi wala kijana anayependa kuitwa. Vijana wa Kariakoo wamelikwepa tatizo kwa kusema "haisapoti". Tusiwacheke. Wao angalau hawakumdanganya mtu kwamba neno lile ni la Kiswahili lenye maana anayoijua. Kwa maoni yetu, hapa nomino haihitajiki kabisa. Kiswahili ni lugha ya vitenzi: redio inaweza au haiwezi, inakubali au haikubali. Kioo kingeandika "Redio hii haiwezi kufungua sauti ya Opus" kingekuwa kimemwambia mwalimu jambo la kweli, tena kwa maneno ambayo hata mwanafunzi wake angeyaelewa.

Papo hapo tuliseme neno "kicheza muziki", ambalo hukutwa juu ya maboksi na katika menyu za simu. Kwa Kiswahili cha wengi muziki hupigwa. Anayecheza ni mtu aliyeinuka kitini. Tulipiga santuri, tukapiga kanda, na bendi za Dar es Salaam zilipiga dansi ilhali watu wakicheza. Kicheza muziki, kwa kufuata sarufi, kingekuwa kidude kinachokatika viuno. Tunajua kwamba watangazaji wa siku hizi "hucheza" nyimbo redioni na kwamba vita hii huenda imekwisha kushindwa. Lakini wafanyabiashara hawaliitikii neno hilo. Wao huita "redio", hata kama chombo hakina redio ndani yake, na pengine wana haki. Santuri nayo ni jina lililotoka kwenye chombo cha nyuzi likaenda kwenye sahani nyeusi, wala hapana aliyelalamika.

Sasa "umbizo" na "fomati", ambayo ndiyo yaliyomfikisha mwalimu kwenye hasara. "Umbizo" limeundwa kwa bidii kutokana na "umba", na waliolipendekeza walikuwa na nia njema. Lakini umbo ni sura ya nje. Mtu akisikia umbizo la sauti hufikiria ukubwa au mwonekano wa kitu, naye hana njia ya kukisia kwamba linalozungumzwa ni mapatano baina ya aliyefunga na atakayefungua. Ni istilahi inayojulikana kwa wafasiri na kwa vioo vya mashine peke yao. Tumewauliza wauza vyombo kadhaa katika Mtaa wa Narung'ombe na kandokando yake; hapana hata mmoja aliyelifahamu, ingawa kila siku wanauza vitu vilivyoandikwa neno hilo.

"Fomati" linafahamika, na ndipo penye hatari. Katika meza za mafundi wa simu, "kufomati" ni kufuta kila kilichomo ili kadi ianze upya. Hiyo ndiyo maana ya kwanza, na kwa mafundi wengi ndiyo maana pekee. Ukimpelekea fundi kadi ukamwambia "badilisha fomati", hutamwona akishangaa wala akiuliza. Atabonyeza, na kazi imekwisha. Waingereza nao hulitumia neno moja kwa mambo yote mawili, lakini wao wamezoea kulitenga kwa muktadha. Sisi tulipoliazima tuliazima tendo kwanza, na nomino ikaja baadaye kupitia karatasi za maelezo. Mfasiri anayeandika "badilisha fomati ya faili" anaandika, kwa sikio la Kariakoo, amri ya kufuta. Kwa sababu hiyo tunasema waziwazi kwamba "fomati" lisitumiwe kwa maana ya kanuni za kubana sauti katika maandishi yoyote yanayokwenda kwa umma, hata kama litaendelea kuishi kwa maana ya kufuta. Wanaolitetea kwa hoja ya kwamba limezoeleka hawajauliza limezoeleka kwa maana gani.

Liwekwe nini badala yake? Jibu, kwa maoni yetu, watu wa Dar es Salaam wanalo tangu tarehe 31 Desemba 2012, siku matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa jijini. Watu walilala na televisheni nzima, wakaamka nayo ikiwa nzima vilevile, lakini haionyeshi kitu mpaka inunuliwe kisanduku cha pembeni. Kisanduku hicho kikaitwa king'amuzi, kutokana na kung'amua. Baadaye lugha ya kiofisi ikapendelea kisimbuzi, kutokana na kusimbua. Majina yote mawili yanaishi, nasi hatuoni haja ya kuliua lolote. Lenye maana ni kwamba somo lilieleweka na kila nyumba: ishara ipo, chombo ni kizima, kinachokosekana ni cha kung'amua. Hali ya Opus katika redio ndogo ni hiyohiyo kabisa. Redio ina kisimbuzi cha MP3. Haina kisimbuzi cha Opus. Katika baadhi ya redio kisimbuzi ni kipande cha elektroniki kisichobadilika, na katika nyingine ni programu inayoweza kuongezwa. Tukisema hivyo, mnunuzi anajua aulize nini kabla ya kutoa fedha.

Kutokana na hapo twapata "usimbaji" kwa kanuni za kubana na kuandika sauti: usimbaji wa Opus, usimbaji wa MP3, kubadili usimbaji. Tunakiri kwamba neno hili nalo lina doa. Wafasiri wa programu wamekwisha kulitumia katika "usimbaji fiche", kwa maana ya kuficha ujumbe usisomwe na wengine, na msomaji aweza kudhani kwamba sauti ya Opus imefichwa. Tumelipima doa hilo tukaona ni dogo, kwa kuwa neno "fiche" lipo pale kubeba maana ya siri, na likiondolewa siri nayo huondoka. Mwenzetu mmoja amependekeza "mbano" badala yake. Ni neno jepesi na tunalipenda, lakini FLAC na WAV zinampinga: WAV kwa kawaida haibanwi kabisa, nayo ina kanuni zake vilevile. Kwa mfuko, yaani Ogg na wenzake, tuliite "mfuko" tu, maana ndicho kitu chenyewe.

Limebaki "huria". Neno hili tulilizoea kwanza katika soko huria, na kwa wengi wetu lilikuja pamoja na miaka ya kulegezwa kwa biashara, likiwa na harufu ya bei zisizo na mdhibiti. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, ulifanya kazi kubwa ya kulitia "huria" maana nyingine: programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuigawa. Tunaliunga mkono, na tunaona usimbaji huria ni istilahi inayofaa kwa Vorbis, FLAC na Opus. Kinachotuudhi ni wale wanaoandika "za bure". Huko Kariakoo, wimbo wa bure ni wimbo uliorushwa kutoka simu hadi simu bila ya mwenyewe kupata senti. Wanamuziki wetu waliona kanda zao zikidurufiwa kwa miaka mingi kabla ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hata baada yake. Ukimwambia mwanamuziki wa namna hiyo kwamba unataka kuziweka kazi zake katika "fomati ya bure", usistaajabu akikutoa nyumbani kwake. Kilicho huria ni kanuni za kuandikia; kilichoandikwa kina mwenyewe. Hati za Kilatini hazina mdai, lakini kitabu kilichoandikwa kwa hati hizo kina mwandishi.

Jambo hili linawahusu watumishi wa serikali kuliko wanavyodhani. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, maneno ya Kiswahili katika mkataba yanaweza kusomwa na hakimu. Ofisi inayotangaza zabuni ya vyombo vya kusikilizia mashuleni, ikiandika kwamba chombo "kitegemeze maumbizo wazi", haitaweza kumrudishia mzabuni hata chombo kimoja, kwa kuwa hapana ajuaye maneno yale yanadai nini. Iandike: "Chombo kiwe na visimbuzi vya MP3, Vorbis, FLAC na Opus, na kiweze kuongezewa visimbuzi vingine kwa kubadilishiwa programu endeshi." Maneno hayo yanaweza kupimwa mezani kwa kadi moja na faili nne. Wako watakaosema kwamba sentensi ni ndefu. Ni kweli, ni ndefu.

Kwa mwalimu wetu, wajukuu saba walikuwa bado wanazo sauti katika simu zao, wakamtumia tena. Safari hii hakwenda kwa fundi. Alimwomba kijana wa jirani mwenye kompyuta abadili usimbaji wa Opus kuwa MP3, na redio ndogo ikazisoma. Wajukuu wengine walikwisha kufuta ili wapate nafasi. Mwalimu alirudi kwa wazee waliosalia kuwaomba wasimulie upya, naye anasema kwamba bibi mmoja, ambaye hadithi yake ya sungura na kobe ilichukua dakika 11 mara ya kwanza, alikwisha kufariki.